Uvivu wa Kusingiziwa: Akili Isiyotulia na Kazi za Bonde la Kilombero

Kiswahili kina majina mengi ya mtu ambaye akili yake haitulii. Akiwa mtoto huitwa mtundu, mtukutu au machachari. Akiwa mkubwa huitwa mzembe, mvivu, au mtu wa kuanza mambo asiyoyamaliza. Katika majina hayo ni moja tu lenye sura mbili. Mtundu ni yule achokozaye na kuharibu, lakini pia ni yule mwenye ufundi wa kubuni, afunguaye saa iliyosimama ili ajue kilichoizuia kutembea. Lugha yenyewe ilikuwa imekwisha kuona jambo ambalo utabibu ulichukua muda mrefu kuliona: ya kwamba nguvu ile ile imwondoayo mtoto kitini huweza kumfunga mahali pamoja kutwa nzima, ikiwa kazi aliyo nayo imemgusa moyo.

Utabibu wa leo huiita hali hiyo upungufu wa umakini wenye mchachariko uliozidi, na kwa kifupi hujulikana kwa herufi za Kiingereza ADHD. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi nyingi hukadiria kwamba hupatikana kwa watoto wapatao 5 katika kila 100, na wengi wao huingia nayo utu uzimani. Aghalabu hurithiwa katika ukoo. Jina lake lapotosha kidogo, kwa maana mwenye hali hiyo hakunyimwa umakini. Alichopungukiwa ni hatamu za kuuelekeza. Kazi iliyo mpya, yenye haraka, au impendezayo humteka hata akasahau chakula. Kazi ya lazima, ya kurudiwarudiwa, ambayo malipo yake yako mbali, humshinda hata kama ajua fika kwamba asipoifanya ataumia. Huketi mbele yake akijilaumu, na lawama haimwinui. Hapo ndipo swali linapozuka: ni kitu gani kiipacho akili ya namna hiyo ari ya kutenda? Jibu moja laweza kutafutwa katika historia ya kazi zenyewe, na bonde la Kilombero, kutoka kijiji cha Sanje chini ya milima ya Udzungwa hadi Ifakara na nyanda za mafuriko ya mto, ni mahali pafaapo kulitafutia.

Kwanza yafaa kujua matabibu walisema nini. Mwaka 1798 Alexander Crichton, tabibu wa Scotland, katika kitabu chake juu ya maradhi ya akili alieleza watu ambao hawawezi kushikilia jambo moja kwa uthabiti utakiwao. Katikati ya karne ya 19 Heinrich Hoffmann, tabibu wa Frankfurt, alitunga mashairi ya watoto yenye picha, na ndani yake yumo Philipp, kijana asiyeweza kutulia mezani, hata akaanguka na kitambaa cha meza pamoja na chakula chote. Mwaka 1902 George Still aliwahutubia matabibu wa London juu ya watoto wenye akili timamu ambao hata hivyo hawakuweza kujizuia wala kushikilia jambo. Still alihisi kwamba chanzo kimo mwilini, lakini jina aliloipa hali hiyo lilikuwa upungufu wa udhibiti wa maadili. Hivyo alifungua mlango na kuurudisha papo hapo, maana aliliweka jambo la maumbile katika mizani ya wema na ubaya. Hadi leo watu wengi, wasiowahi hata kusikia jina lake, hupima kwa mizani hiyo hiyo.

Mwaka ule ule wa 1902, mizani ya namna hiyo ilitumiwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania, tena juu ya watu wengi kwa mara moja. Serikali ya Wajerumani, chini ya Gavana von Götzen, ilianzisha kusini ya Dar es Salaam mashamba ya pamba chini ya majumbe, na raia wakalazimishwa kuyalima. Malipo ya mkulima kwa kazi ya mwaka wa kwanza yalikuwa senti 35, na wako waliokataa kuzipokea. Kazi ilipokwenda kwa kujikokota, watawala hawakuichunguza kazi. Walisema kwamba wenyeji ni wavivu, wakatia kiboko. Mwezi wa Julai 1905 Vita vya Maji Maji vilianza huko Umatumbi kwa kung'olewa kwa pamba, na tarehe 30 Agosti vilikuwa vimefika kwenye boma la Mahenge, katika nyanda za juu zilizo upande wa pili wa bonde la Kilombero.

Wakulima wale hawakuwa na hitilafu yoyote ya akili, wala dhuluma waliyotendewa hailingani na taabu ya mwanafunzi mbele ya daftari lake. Lakini kisa chao chafundisha jambo moja linalohusu swali hili. Mtu aliyejikokota katika pamba ya jumbe ndiye aliyeamka kabla ya jua kwenda katika mpunga au mtama wake. Mikono ilikuwa ile ile; kilichobadilika ni mpango wa kazi, yaani ni nani apataye faida, lini, na mbele ya macho ya nani. Mvivu, basi, ni hukumu itolewayo na mtu aliyemtazama mtenda kazi bila kuitazama kazi. Ikiwa mpango wa kazi huweza kumvunja moyo mtu ambaye hatamu zake ni imara, utamfanyaje yule ambaye zake zimelegea tangu kuzaliwa?

Kwa sababu hiyo ni vyema kutazama namna kazi za bonde zilivyopangwa kabla ya shule na kiwanda. Mito ishukayo kutoka Udzungwa, ukiwamo ule uangukao katika maporomoko ya Sanje kutoka kimo kipatacho mita 170, hukusanyika katika bonde ambalo mvua za masika huligeuza kuwa ziwa. Wandamba, Wabunga, Wapogoro na jirani zao walipanga mwaka wao kwa kufuata maji. Msimu wa mpunga ulipowadia, jamaa nyingi zilihamia mashamba ya mbali na kukaa miezi kadhaa katika madungu, desturi ambayo haijakoma hata sasa. Mpunga ulipoanza kufunga punje, watoto walipewa kazi ya kuamia ndege. Kutwa kucha mtoto alipaswa kuzungusha macho pande zote, kukimbia, kupiga kelele, kurusha jiwe kwa teo, kisha kugeuka upesi kwa kuwa kundi jingine limetua nyuma yake. Katika kazi hiyo jicho lisilotulia ndilo lililokuwa chombo chenyewe. Malipo yake pia hayakungojewa: jiwe likirushwa, kundi huruka.

Uvuvi nao ulikuwa na siri yake. Mvuvi atembeleaye migono yake asubuhi hajui ni upi uliokamata kambale na ni upi mtupu, na kutojua huko ndiko kumvutako kutoka mgono mmoja hadi mwingine. Mwindaji porini aliishi kwa kusikia kila kijiti kilichovunjika. Lakini si kazi zote za bonde zilizokuwa na msisimko wa namna hiyo. Kulima kwa jembe la mkono ni kazi ya kuchosha, inayofanana leo na jana, na mavuno yake yako miezi mingi mbele. Ni hapo hasa ambapo busara ya wakulima yaonekana. Shamba lilikatwa ngwe, ili mkulima asione pori lisilo na mpaka bali kipande ambacho mwisho wake uko mbele ya macho. Kazi kubwa ilifanywa kwa ujima, jirani wakipanga mstari mmoja, nyimbo zikiupa mwili mwendo wake, na jioni chakula au pombe ikawa malipo ya siku ile ile. Kazi ya peke yake isiyopendeza iligeuzwa kuwa jambo la watu, la sauti, na la mashindano.

Ukiyakusanya mambo hayo pamoja, msomaji, utapata masharti manne. Malipo yawe karibu. Mwisho wa kila kipande uonekane. Kazi ibadilike na kuutumia mwili. Na mtenda kazi awe na mwenziwe kando yake. Masharti hayo hayatofautiani sana na ushauri watoao wataalamu wa leo kwa wenye ADHD: kuigawa kazi vipande vifupi vyenye muda uliopimwa, kujipa malipo madogo mara kipande kiishapo, kuutaabisha mwili kabla ya kuketi, na kufanya kazi mbele ya mtu mwingine, hata kama mtu huyo ana shughuli zake. Sababu yake hutafutwa katika ubongo, hususan katika dopamini, kemikali inayohusika na kutazamia malipo. Kwa watu hao thamani ya malipo ya mbali hufifia upesi kuliko kwa wengine, hata cheti cha mwaka ujao kikawa kama taa iliyo ng'ambo ya ukungu. Wakulima wa ngwe na ujima hawakuwa na elimu ya dopamini. Walijua tu kwamba moyo wa binadamu huchoka usipoona mwisho.

Lakini isidhaniwe kwamba zamani ilikuwa pepo kwa watu wenye akili isiyotulia. Mtoto aliyeacha ndege wakala mpunga alipigwa, na mtu mzima aliyesahau kupalilia alilala njaa pamoja na watoto wake. Wala si haki kusema kwamba hali hiyo ni kipaji kilichojificha. Tofauti ni kwamba kazi za kale zilikuwa za namna nyingi, na katika wingi huo mtu aliweza kuonekana bora mahali fulani hata kama alikuwa dhaifu mahali pengine.

Upo uchunguzi mmoja wa Afrika ya Mashariki uliogusa jambo hili kwa karibu. Mwaka 2008 wataalamu walichapisha matokeo ya kazi yao kati ya Waariaal wa kaskazini mwa Kenya, ambao baadhi yao huhamahama na mifugo na baadhi wamekwisha kukaa mahali pamoja. Walichunguza namna moja ya jeni ihusikayo na dopamini, ambayo tafiti nyingine zimeihusisha na ADHD. Kati ya wanaume wahamaji, wenye jeni hiyo walikuwa na afya bora ya mwili kuliko wenzao. Kati ya waliokaa mahali pamoja, wenye jeni hiyo walielekea kuwa na afya duni zaidi. Uchunguzi huo ulikuwa wa watu wachache, na haukupima ADHD yenyewe, basi usibebeshwe mzigo usioweza kuubeba. Lakini ulilolionyesha lafaa kukumbukwa: maumbile mamoja yaweza kuwa faida au hasara kwa kadiri ya maisha yanayomzunguka mtu.

Na maisha ya bonde la Kilombero yamegeuka mno katika muda wa miaka sitini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha sukari kilianza kazi karibu na Kidatu, na wakulima wengi wa vijiji vya jirani wakageukia miwa, zao likaalo shambani mwaka mzima au karibu yake, kisha likangoja zamu ya kukatwa, kisha kupimwa, kisha malipo. Kati ya 1970 na 1975 reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China ikapita bondeni. Mwaka 1979 wataalamu walimtambua katika misitu ya Sanje kima ambaye sayansi haikumjua, mangabei wa Sanje, ingawa wenyeji walikuwa wakimjua. Mwaka 1992 misitu hiyo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, na tangu 2011 hata ruhusa ya kuokota kuni ndani yake ilikoma. Kulinda msitu ule ni jambo la maana, na kima yule hapatikani popote duniani isipokuwa katika milima hiyo. Hata hivyo mlango mmoja wa kazi za jicho na mguu umefungwa.

Milango mingine ilifunguka. Reli ilileta biashara ya vituoni, ambako mwuzaji wa ndizi au mchele ana dakika chache tu za kumpata mnunuzi dirishani, na malipo yako mkononi kabla garimoshi halijaondoka. Hifadhi nayo ilileta kazi ya kuwaongoza wageni kwenda kuyaona maporomoko, kazi ya kupanda, kusema, na kuona mnyama kabla mgeni hajamwona. Lakini njia kuu iliyowekwa mbele ya kila mtoto ni shule, na shule ni dawati, ukimya, na tunzo iliyo mbali.

Hatari ya elimu ya namna hiyo haikukosa kuonwa. Mwezi wa Machi 1967 Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akilaumu elimu inayomtenga mwanafunzi na kazi, na kutaka kila shule iwe pia na shamba au karakana ambayo wanafunzi wenyewe wataipanga na kuona matunda yake. Azimio la Musoma la 1974 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa 1977 viliwaingiza shuleni watoto wengi ambao zamani wangebaki nje, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini katika shule nyingi shamba liligeuka kuwa adhabu: jembe lilipewa aliyechelewa, na mavuno hayakuonwa na aliyelima. Pamba ya jumbe ilirudi kwa mlango wa nyuma. Mtoto asiyetulia, ambaye shamba lilikusudiwa limsaidie kuliko wote, ndiye aliyejifunza zaidi kulichukia.

Wakati huo huo dawa ilikuwa imekwisha kupatikana, na historia ya dawa hiyo inakutana na historia ya bonde kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka 1937 Charles Bradley, tabibu wa Marekani, aligundua kwamba dawa ya kuchangamsha huwatuliza baadhi ya watoto wasiotulia na kuwasaidia kusoma. Mwaka 1944 Leandro Panizzon, mkemia wa kampuni ya Ciba katika mji wa Basel, Uswisi, alitengeneza methilifenideti, ambayo iliuzwa kwa jina la Ritalin, kutokana na jina la mkewe Marguerite. Ni mji huo huo wa Basel uliomleta Ifakara Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama, ambaye mwaka 1957 alianzisha hapo maabara ya Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki. Na mwaka 1961 viwanda vya dawa vya Basel viligharimia kituo cha kufundishia waganga wa vijijini mjini humo humo. Kupe, mbu na malaria vilichunguzwa Ifakara kwa uhodari mkubwa, hata leo jina la Ifakara linajulikana po pote ambapo malaria hujadiliwa. Lakini elimu ya umakini haikufuata njia hiyo. Mwaka 2019, na tena 2021, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikataa kuiweka methilifenideti katika orodha ya dawa muhimu, kwa kutoridhika na ushahidi uliokuwapo, na kwa nchi nyingi zifuatazo orodha hiyo mlango ulibaki umerudishwa nusu.

Na hata hivyo vita dhidi ya malaria vilikuwa pia, bila kutajwa hivyo, vita vya kulinda umakini. Uchunguzi uliofanywa Uganda umeonyesha kwamba watoto waliopona malaria ya ubongo huweza kubaki na udhaifu wa umakini na mwenendo usiotulia. Mpango wa vyandarua ulioanza mwaka 1997 katika wilaya za Kilombero na Ulanga uliongeza uhai wa watoto wadogo waliovitumia kwa asilimia 27. Na si uhai peke yake uliookolewa, maana mtoto asiyeugua malaria kali ameepushwa pia na madhara yake katika ubongo. Kwa hiyo mzazi au mwalimu aonaye mtoto asiyetulia asifanye haraka kuhukumu. Huenda amerithi hali hiyo. Huenda ni alama ya homa ya zamani. Huenda hasikii vizuri, au hakula, au halali. Kazi ya kupambanua ni ya tabibu, na dawa pia ni yake. Kupanga kazi ni kwa kila mtu.

Katika upangaji huo mafunzo ya bonde yaweza kutumika bila kurudi dunguni. Mwanafunzi wa chuo mwenye kitabu cha kurasa mia tatu aweza kukikata ngwe za kurasa kumi, na akimaliza ngwe moja asimame, atembee, kisha arudi. Aweza kumwita mwenziwe waketi meza moja, kila mtu na kazi yake, kwa sababu huo nao ni ujima. Aweza kuweka kazi mbili zisizofanana kando kwa kando na kuhama kutoka moja hadi nyingine, kama jamaa za bonde zilivyohama kati ya shamba na mto. Mwalimu aweza kumpa mtoto asiyetulia kazi ya kugawa vitabu, kufuta ubao, au kupima kivuli cha mti uwanjani ili hesabu ipate miguu. Aweza kumwonyesha kosa na sifa siku ile ile, wala asingoje mwisho wa muhula. Na mtu mzima aweza kuuliza, kabla ya kuchagua riziki, ni kazi gani iliyowahi kumteka bila kulazimishwa, akatafuta maisha yanayokaribiana nayo.

Mambo hayo ni madogo, tena yatashindwa siku nyingine, kwa maana akili isiyotulia huchoka hata na hila iliyoisaidia jana. Ndiyo sababu wavuvi hawakutega migono mahali pamoja mwaka mzima. Maji yalipohama, nao walihama. Kubadili hila iliyochakaa ni sehemu ya kazi yenyewe, wala si ushahidi wa kushindwa.

Historia ya Kilombero, basi, haidai kwamba kila asiyefanya kazi anaonewa. Yadai jambo dogo zaidi, ambalo hata hivyo lingewaokoa watoto wengi na kiboko, na watu wazima wengi na dharau wajipayo wenyewe usiku. Kabla ya kuuliza mtu huyu ana kasoro gani, iulizwe kwanza: kazi aliyopewa imekatwaje, mwisho wake waonekana wapi, malipo yake yanafika lini, na ni nani aliye kando yake?